Penye Masale

Kiwandani Moshi, zamu ya asubuhi,
kahawa inavuliwa ganda lake la mwisho
na vumbi linapanda, laini kama unga wa ulezi.
Mimi hupiga chafya saba. Huwa nahesabu.
Ya saba ikipita, Ndeshiwo wa mashine ya pili
hupaza sauti: "Haya, imetosha, tufanye kazi!"

Sijaamua hata moja kati ya hizo saba.
Chembe inagusa utando wa pua,
mshipa wa fahamu unaipokea habari,
unapita nayo nyuma ya shavu hadi kwenye shina la ubongo,
pale pasipo na mawazo wala majina ya watu,
na amri inatoka kabla mwenye pua hajaulizwa:
vuta pumzi, fumba macho, bana kifua,
achia!
Meneja naye hutii. Nimemwona, na tai yake.

Haya sikuyajua kiwandani. Nimeyajua wodini.

Baba alianguka Jumanne, Kiboriloni, kikombe mkononi.
Kiharusi. Upande wa kulia umelala.
Sista Anaeli akamnywesha kijiko kimoja cha maji,
vidole viwili amevituliza juu ya koo,
akasubiri.
Maji yakaenda. Baba kimya.
Nikasema, "Amekunywa!"
Sista akainama, akamsikiliza kifuani,
akasema yameingia kusiko
na mlinzi hajapiga kelele.

Akanichorea nyuma ya karatasi ya dawa:
njia mbili shingoni, ya chakula na ya pumzi,
kidakatonge katikati kama kifuniko cha birika,
na chini yake ngozi nyepesi kuliko kope.
Tone likiigusa, habari inapanda
kwa mshipa mrefu, mzururaji,
unaotoka kichwani ukashuka mpaka tumboni
ukipita kwa moyo, ukipita kwa mapafu,
haukosi pa kusalimia.
Juu wanajibu: koromeo lifunge, mbavu zikaze,
kisha mlango ufunguliwe kwa kishindo.
Kufumba na kufumbua.
"Kwa mzee," akasema, kalamu imesimama,
"habari inapotelea hapa."

Husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Cha baba kilijificha siku kumi.

Na huyu ni mtu ambaye hakuwahi kubisha hodi!
Alifika penye masale, akakohoa mara mbili,
kavu, hivi,
na mama jikoni akainjika maji ya chai
bila kuinua macho.

Usiku wodi nzima ilikohoa isipokuwa yeye.
Kijana wa kitanda cha nne akatuomba radhi.
Nikamwambia, kohoa, mdogo wangu, kohoa.
Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe.

Siku ya kumi na moja wingu lilitoka mlimani.
Sisi wa ukoo wa baba, jua likitupiga usoni ghafla
tunapiga chafya; bibi alikuwa hivyo,
ibada ikitoka Jumapili tulijipanga mlangoni
tukapiga chafya kama kwaya.
Sista anasema labda mshipa wa jicho na wa pua
wanaishi jirani huko ndani,
na jirani husikia yasiyomhusu.
Nikavuta pazia. Mwanga ukatuangukia wote wawili.
Mimi nikapiga. Nikamtazama.
Yeye alikunja uso tu, kama anayetafuta jina,
kisha likampotea.

Basi kijiko kikaja, kama kila asubuhi.
Vidole viwili kooni.
Nikageukia dirishani, nisione.

Kilikuwa kidogo.
Mtu angedhani ni panya kwenye majani makavu ya migomba.
Kikaja cha pili, na hicho kilikuwa na mbavu ndani yake,
na macho ya baba yakajaa maji,
na kijana wa kitanda cha nne akakaa kitako.
Sista akatazama saa, akaandika: nne na dakika kumi.

Mimi nilikuwa nimeshasimama, sijui tangu lini,
nimeinama chini ya meza ya wodi
natafuta sufuria.